Koti kwenye kiti

Wadau, waulizeni wazee wenu waliofanya kazi serikalini miaka ya themanini kuhusu koti. Watacheka kwanza. Mtu anafika asubuhi, anasaini daftari la mahudhurio, anatundika koti kwenye kiti, halafu huyoo! Mwenye shida akiuliza anaambiwa, "Yupo, si unaona koti lake?"

Rika letu tunasema ule ulikuwa uvivu. Mie nabisha.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, na sharti hilo likawabana hadi watumishi wa ngazi ya kati. Sawa, mshahara bado ulikuwa na nguvu. Kisha mafuta yakapanda bei 1973, ukame ukapiga, vita vya Kagera vikaja 1978. Bei zikakimbia, mshahara ukabaki unachechemea. Ilifika mahali hela ya mwezi haivuki wiki.

Sasa baba mwenye watoto watano afanyeje? Alifuga kuku wa mayai, mama akauza maandazi na barafu, mwingine akaendesha teksi bubu. Waliita "miradi". Koti lilikuwa ofisini, mwenye koti yuko bandani.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, ikawasaka mijini wasio na kazi, wakati wenye kazi ndio hawakuwepo kazini! Miradi ilikuja kupata baraka mwaka 1991, CCM ilipolegeza masharti ya uongozi kule Zanzibar.

Novemba 6, 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alikwenda kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Nchi nzima ikashangilia. Lakini woga unamrudisha mtu kitini tu, haumfanyishi kazi.

Mtasema mbona sekta binafsi hakuna koti? Kweli, kibarua wa kiwandani asipofika hana ujira wa siku hiyo. Ndiyo maana huja hata na homa, akasimama kwenye mashine akitetemeka. Naye tumwite mchapakazi?

Kwangu mimi historia inasema hivi: mlipe mtu mshahara unaofika mwisho wa mwezi, kisha muulize amefanya nini, si amekaa wapi. Ukiruka la kwanza, la pili utauliza koti.

Haya, nyumbani kwenu mradi ulikuwa upi?