Maktaba, Mnyororo na Simu ya Mkononi

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule. Mwishoni mwa waraka huo aliwasihi wasihesabu gharama wala taabu katika kuweka maktaba nzuri. Lakini hakuwataka wakusanye kila kitabu. Alitaka vichaguliwe: kwanza Biblia katika Kilatini, Kiyunani, Kiebrania na Kijerumani, kisha wafasiri bora, vitabu vya lugha, vya sheria na utabibu, na vya historia.

Siku hizo kitabu kilikuwa mali adimu. Katika Kanisa Kuu la Hereford, Uingereza, rafu za mwaka 1611 zingali na vitabu vilivyofungwa kwa minyororo, ili mtu mmoja asikichukue kitabu na kuwanyima wengine. Msomaji alikifuata kitabu kilipo.

Simu ya mkononi imeugeuza utaratibu huo: sasa kitabu humfuata msomaji. Kwetu Afrika Mashariki badiliko hilo liliharakishwa mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi. Leo mwanafunzi aweza kusoma jarida akiwa bwenini au safarini.

Hata hivyo mnyororo ungalipo. Vitabu na majarida mengi ya elektroniki maktaba haiyanunui yawe mali yake. Hulipia tu kibali cha kuyasoma kwa muda. Ada isipolipwa, mlango hufungwa. Mara nyingi mwanafunzi akihitimu, neno lake la siri hufutwa. Hivyo mchungaji aliyepelekwa usharika wa mbali hubaki na simu mkononi, lakini hana tena vitabu vilivyomlea.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza ni nani atakayechagua, na ni nani atakayetunza. Pamoja na kulipia vibali, chuo hakina budi kujiwekea akiba iliyo yake: maandishi ya kale yasiyo na hakimiliki tena, tasnifu za wahitimu wake, kumbukumbu za dayosisi zilizoruhusiwa kusomwa. Hayo yaandaliwe ili mhitimu ayahifadhi ndani ya simu na kuyasoma pasipo mtandao. Ni kazi ya mkutubi, nayo yahitaji fungu katika bajeti.

Luther aliupeleka waraka wake kwa wenye kushika mfuko wa mji. Nasi twauelekeza wito huu kwa mabaraza ya vyuo na halmashauri za dayosisi.