Kutangulia si kufika: magari ya zamani yaliyopimwa na matope

Sandoa, jimbo la Lualaba. Mtu wa Sandoa akinunua gari, majirani hawamuulizi linakimbia kilomita ngapi kwa saa. Wanamuuliza kama litafika Kolwezi wakati wa mvua. Reli inayotoka Kolwezi kuelekea mpaka wa Angola inapita Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, lakini haifiki Sandoa. Kwa hiyo chumvi, sabuni, dawa, mgonjwa na familia inayohama na magodoro yake, vyote vinategemea barabara ya udongo.

Swali hilo la majirani liliwahi kuulizwa mbele ya dunia nzima, katika nchi za mashariki mwa Afrika. Liliulizwa kwa magari yaliyosifiwa sana Ulaya, magari ya michezo na magari ya safari ndefu, na majibu yake yaliwashangaza wengi.

Mwaka 1953, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mashindano ya kuzunguka nchi hizo tatu kwa gari. Yaliitwa Coronation Safari, kwa sababu Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa anatawazwa mwaka huo. Baadaye yakaitwa East African Safari, na kuanzia 1974 Safari Rally. Mwanzoni magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya. Yaligawanywa kwa bei yake dukani. Mtu wa kawaida aliweza kuona kwa macho yake: kwa pesa hizi, gari lipi linarudi nyumbani?

Mashindano yalifanyika barabarani, katikati ya malori, mabasi na ng'ombe. Kwa miaka mingi yalipangwa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua kubwa hunyesha Afrika ya Mashariki. Safari ilikuwa ya kilomita kama 5000, usiku na mchana. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Akichelewa, alihesabiwa pointi za adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Lakini kwanza ilibidi afike. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakafika 7 tu. Mengine yalibaki kwenye matope, kwenye mito iliyofurika, au kando ya njia na springi zilizovunjika.

Miaka yote hiyo miwili, gari lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, na waliokuwa ndani walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kati ya ushindi wao huo miwili, Bert Shankland wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda 1966 na 1967, naye akiwa na 404. Ushindi mara nne ndani ya miaka sita, kwa gari ambalo Afrika nzima ililijua kama teksi na gari la familia.

404 lilianza kuuzwa mwaka 1960. Mwili wake ulichorwa na Pininfarina wa Italia, fundi aliyezoea pia kuchora magari ya kifahari. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1618, na iliwekwa kwa kulala upande, nyuzi 45, ili boneti iwe chini. Hakuna aliyeiita injini ya ajabu. Nguvu ya gari hilo ilikuwa mahali pengine. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, kiasi kwamba gurudumu liliweza kuzama ndani ya shimo na kupanda tena bila kuutikisa mwili wote. Tumbo la gari lilikuwa juu ya ardhi. Shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ilifungwa ndani ya bomba la chuma, hivyo mawe na matope hayakuigusa. Fundi wa kijijini aliweza kulifungua na kulielewa.

Mwaka 1965 ilikuwa zamu ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya. Aliendesha pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, tena yenye umbo lililotokana na michoro ya miaka ya 1940. Watu waliliona kama gari la mzee. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua kusikiliza gari linapolalamika kabla halijavunjika. Aliwashinda wote. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo la Kijapani.

Na magari ya michezo yenyewe? Yalikuja, na majina makubwa. Porsche 911, yenye injini ya silinda sita iliyokaa nyuma kabisa, ilikuwa tayari maarufu kwa mbio za Ulaya. Safari iliipa nafasi ya pili mwaka 1972, ya pili tena 1974, na ya pili tena 1978. Lancia Stratos ilikuwa gari lililobuniwa hasa kwa ajili ya mashindano: fupi, jepesi, lenye umbo la kabari kutoka kwa Bertone, na injini ya Ferrari nyuma ya viti. Iliipa Lancia ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Kwenye Safari haikushinda hata mara moja. Pasaka ya 1975 Stratos mbili zilifika nafasi ya pili na ya tatu. Mbele yao ilikuwa Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari la milango minne.

Wazee walisema kutangulia si kufika. Gari la michezo limechorwa kwa ajili ya barabara tambarare: liko chini ili upepo usilisumbue, springi zake ni ngumu ili lisiyumbe kwenye kona, na limepunguzwa uzito ili liruke mbele. Kwenye matope kila sifa hiyo inageuka kuwa mzigo. Kilicho chini kinagonga jiwe. Kilicho kigumu kinavunjika. Chuma chembamba kinapasuka.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema magari yote ya michezo yalishindwa. Datsun 240Z ya Kijapani ilishinda 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973. Ilikuwa na milango miwili, boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Wajapani walikuwa wakija Safari tangu miaka ya 1960. Walipopigwa, walirudi nyumbani kurekebisha, wakaja tena.

Aliyeshinda na 240Z mwaka 1973 anastahili kukumbukwa na kila familia iliyolazimika kuacha nyumba yake. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na familia ya Mehta ikahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, Mehta na Lofty Drews walimaliza Safari wakiwa na pointi sawa na Harry Källström wa Uswidi, na hesabu ya mwisho ikawapa wao ushindi. Kisha alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, safari hizo akiwa na Datsun. Jumla mara tano. Mtu aliyefukuzwa alikozaliwa alikuja kuijua barabara ya ugenini kuliko wote.

Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kuchaguliwa gari la mwaka Ulaya 1969, iliendeleza kazi ya 404. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6, iliyochorwa na Pininfarina: gari zuri la safari ndefu, juu ya mifupa ya gari la familia. Ndugu zake wa kazi, zile za kubeba mizigo, ziliunganishwa hata Kenya na Nigeria. Katika nchi nyingi za Afrika 404 na 504 zilibeba abiria, mahindi na mbuzi kwa miaka mingi baada ya kiwanda cha Ufaransa kuziacha.

Lakini hadithi hii isitumiwe vibaya. Wako wanaosema: gari imara likipatikana, na dereva hodari, barabara mbaya si tatizo. Safari yenyewe inakataa maneno hayo. Mwaka 1968, kati ya magari 93 yaliyotayarishwa kwa miezi, mengi yakiwa na madereva hodari, 86 hayakufika. Timu kubwa ziliweka mafundi njiani wenye springi, matairi na mafuta tayari. Aliyekwama alikuwa amepoteza mashindano tu. Alilala, akaenda nyumbani.

Mama mwenye uchungu wa kuzaa akikwama kati ya Sandoa na Kasaji hapotezi pointi. Familia iliyohama ikikwama usiku haina fundi anayeisubiri mbele. Lori la mahindi likilala wiki moja kwenye matope, bei sokoni inapanda, na anayelipa ni yule ambaye hana hata baiskeli. Kile ambacho wengine walikifanya mchezo wa siku chache za Pasaka, Sandoa inakiishi miezi yote ya mvua, mwaka baada ya mwaka.

Siku hizi barabara nyingi za Kenya zilizotumika zamani zina lami. Safari ya dunia, iliyorudi mwaka 2021, inakimbiwa kwenye njia zilizofungwa karibu na Naivasha. Magari ya zamani nayo yana mashindano yake tangu 2003. Mwaka 2011 Björn Waldegård, aliyekuwa wa pili mwaka 1974 na Porsche 911, alirudi na Porsche 911 akiwa na mwanawe, na akashinda. Ushindi wa Porsche aliungoja miaka 37.

Sandoa nayo inangoja. Magari yake yamekwisha kufanya kazi yao, na madereva wake pia. Kazi iliyobaki ni ya mitaro, madaraja na greda, na hiyo haiwezi kufanywa na springi za Peugeot.