UZI: Nani alirithi ardhi, na nani alirithi ruhusa tu?

1/ Kila tukikaribia uchaguzi mjadala ni ule ule. Mmoja anasema, "Hao walirithi kila kitu." Mwingine anajibu, "Babu yangu alitoka jasho, wako alikuwa wapi?" Tunatukanana hadi usiku wa manane. Lakini swali la maana hatuliulizi: babu yako alikuwa na karatasi gani, na hiyo karatasi iliruhusu mtoto wake kurithi? Twende polepole.

2/ Urithi si mambo ya familia peke yake. Ni sheria, na sheria hutungwa na watu. Chukua Virginia, ilipokuwa koloni la Mwingereza kule Marekani. Mwenye shamba angeweza kulifunga ndani ya ukoo, hakuna mrithi wa kuliuza wala kuligawa. Na akifa bila wosia, ardhi yote ilikuwa ya kifungua mimba wa kiume. Mwaka 1776 wakafuta ule ufungaji, na 1785 wakapitisha sheria ya kuondoa upendeleo wa kifungua mimba. Waliofanywa watumwa kwenye hayo mashamba hawakupata hata hatua moja ya ardhi. Lakini ona: watu walikaa bungeni wakabadilisha nani atarithi.

3/ Huku kwetu Mwingereza alienda upande wa pili. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilimpa mlowezi ukodishaji wa miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba ni michache. Sheria mpya ya 1915 ikawapa miaka 999. Piga hesabu: hati ya 1915 inaisha mwaka 2914. Hiyo si kumpa mtu shamba alime. Hiyo ni kumpa mtu vizazi zaidi ya 30.

4/ Na Mwafrika je? Mwaka 1921 mahakama ya koloni ilisema Waafrika wako kwenye ardhi kama wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Taji. Kwa lugha ya mtaa: unakaa hapo hadi mwenye nyumba aamue vingine. Na mwenye nyumba alikuwa Mfalme wa Uingereza.

5/ Sasa linganisha askari wawili. Wote walipigania Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Askari Mzungu: mwaka 1919 kukawa na mpango wa kuwapa maveterani mashamba. Kura ilipigwa hapa Nairobi, ukumbi wa Theatre Royal, watu wanachaguliwa mashamba kama bahati nasibu. Sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Mkongwe wa vita wa Kiafrika hakuwa na namba kwenye ile kura.

6/ Askari wa pili ni Mnubi. Mababu zao walitoka Sudan, wakatumikia Keya, yaani King's African Rifles. Jeshi likawaacha wakae kwenye msitu ulio pembeni mwa mji, wao wakauita Kibra. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Aliyestaafu alipewa pasi ya shamba: jenga, lima, fuga, hulipi kodi.

7/ Ukisikia hivyo unaweza kusema, "Si walipewa ardhi bure?" La. Pasi ni ruhusa. Hatimiliki ni mali. Ruhusa ni ya yule aliyepewa, na aliyeitoa anaweza kuichukua. Tume ya Ardhi ya Kenya ilipotoa ripoti yake 1934, iliwaona Wanubi wa Kibera kama wapangaji wa Taji tu. Askari mmoja akamwachia mwanawe shamba la miaka 999. Mwenzake akamwachia mwanawe nyumba ya udongo juu ya ardhi ya mtu mwingine.

8/ Uhuru ulipokuja, Taji likaondoka, ardhi ikabaki ya serikali. Kipande baada ya kipande kikamegwa. Mitaa kama Ayany, Olympic na Fort Jesus imejengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya ile Kibra ya zamani. Hatimaye mwaka 2017 jamii ya Wanubi ikapewa hatimiliki ya pamoja: ekari 288. Kati ya 4,197. Ni kama ekari 7 kwa kila 100. Na ilichukua takriban karne moja.

9/ Njoo hapa Soweto East. Sisi wengine tuliofika baadaye, Waluhya, Wajaluo, Wakamba, Wakisii, tulikuta mfumo wa ruhusa na tukauendeleza. Mwenye nyumba hana ardhi, ana mabati na kuta. Akifa, watoto wanagawana vyumba na kodi ya vyumba, lakini udongo ulio chini yake haugawanywi, kwa sababu haukuwa wake. Mpangaji akifa, anaacha godoro na jiko. Ndiyo maana mpango wa kuboresha mtaa ulipohamisha watu wa Soweto East kwenda Lang'ata mwaka 2009, kulikuwa na mvutano. Wenye nyumba walikuwa wanauliza: hiki ninachopoteza, sheria inakiita nini?

10/ Halafu panda matatu uende Kawangware. Ni kilomita chache, lakini historia ni tofauti kabisa. Kule ilikuwa ardhi ya Wakikuyu, chini ya Kiambu, na ilimilikiwa na mbari, yaani ukoo wa babu mmoja. Muramati aliisimamia kwa niaba ya wote. Hata ahoi, watu wa nje ya ukoo, walipewa pa kulima.

11/ Miaka ya 1950 ukaja Mpango wa Swynnerton: kusanya vipande, pima, sajili, toa hatimiliki. Lakini rejista ilitaka jina la mwenye shamba, na mara nyingi lililoandikwa lilikuwa la mwanamume mmoja. Wengine walikuwa vizuizini wakati kamba ya mpimaji inapita. Ndugu wadogo, wajane, mabinti, ahoi: wengi wakabaki nje ya karatasi. Aliyeandikwa kama mlezi, mtoto wake akajikuta mmiliki. Leo ploti zinajengwa vyumba vya kupanga, na ndani ya ukoo mmoja kuna mwenye kukusanya kodi na kuna mwenye kuilipa.

12/ Kwa hivyo mtu akikuambia shida ya ardhi Kenya ni kabila fulani dhidi ya kabila fulani, mwambie aangalie ndani ya familia pia. Karatasi ilitenganisha Mzungu na Mnubi, ndio. Lakini ilitenganisha pia kaka na dada.

13/ Je, sheria imebadilika? Imebadilika. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haikutofautisha mtoto wa kiume na wa kike, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba binti hawezi kunyimwa kwa sababu ni binti. Katiba ya 2010 iliwapunguzia wasio raia ile miaka 999 hadi isiyozidi 99. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema jina moja kwenye hatimiliki halifuti haki ya ukoo, kama ardhi ilishikwa kwa niaba ya ukoo.

14/ Kuna mtu atasema, "Hayo ni ya kale, tuangalie mbele." Sawa, lakini mbele kunatoka wapi? Mwenye hatimiliki anaenda benki, anapata mkopo, anasomesha, anajenga ghorofa, anagombea kiti. Mwenye ruhusa anangoja tangazo la kubomolewa. Hao wawili wote wanaamka saa kumi na moja asubuhi. Jasho si tofauti. Tofauti ni kwamba la mmoja linaandikwa mahali.

15/ Basi mgombea yeyote akisimama jukwaani hapa Kibera au kule Kawangware akaahidi "ardhi", msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni matatu. Ni karatasi gani: hati au ruhusa? Ni jina la nani: la mtu mmoja, la mume na mke, au la jamii? Na mwenye jina akifa, nani anabaki na nini? Akishindwa kujibu la tatu, ujue amekuahidi pasi ya shamba.

Mwisho wa uzi. Maswali yaleteni hapo chini. Matusi hapana.