Ideali Fazi: Historia ya Viwango Ndani ya Aljebra

Ideali ziliingia katika aljebra kupitia nadharia ya namba. Miaka ya 1840, Mjerumani Ernst Kummer alitafuta dawa ya mifumo ambamo namba moja huchanganuliwa kwa vigawo tasa kwa njia zaidi ya moja. Mwaka 1871, Richard Dedekind akaligeuza wazo la Kummer kuwa seti ambayo tofauti ya vitu vyake, na zao la kitu chake na kitu chochote cha mfumo, hubaki ndani yake, na mwaka 1921 Emmy Noether akalijengea nadharia inayofundishwa mpaka leo.

Katika seti ya Dedekind, kitu kimo au hakimo. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani, alionyesha mwaka 1965 kwamba mengi hayakatiki hivyo. Siku ambazo mto Kongo umejaa kwenye maporomoko ya Wagenia, Kisangani, hazina mpaka: maji hupanda kidogo kidogo. Zadeh akakipa kila kitu kiwango cha uanachama, kuanzia 0 hadi 1; seti za namna hii ndizo seti fazi.

Azriel Rosenfeld alilipeleka wazo hilo kwenye makundi ya kialjebra mwaka 1971. Ideali za ringi, yaani mifumo yenye kujumlisha, kutoa na kuzidisha, zilisubiri hadi 1982, Wang-jin Liu alipoziwekea masharti mawili: kiwango cha tofauti ya vitu viwili kisipungue kile kidogo kati ya viwango vyao, na kiwango cha zao lao kisipungue kile kikubwa.

Kwa mfano, katika namba kamili, 0 hupewa 1. Vigawe vingine vya 4 hupewa 0.8, namba shufwa zilizobaki 0.5, namba witiri 0.1. Masharti yote yanatimia. Ideali hii ikikatwa kwenye 0.8, yaani vikiachwa tu vitu vyenye kiwango kisichopungua hapo, mkato huo ni vigawe vya 4; kwenye 0.5, ni namba shufwa zote. Hapa ndipo penye uzito wa nadharia nzima: kila ideali fazi ni msururu wa ideali za kawaida, moja ndani ya nyingine. Aliyezimudu za kawaida ameshika nusu ya safari.

Ugumu ulizuka kwenye ideali tasa, zilizochunguzwa na Mukherjee na Sen mwaka 1987. Fasili ya kawaida ilihamishwa karibu ilivyo: zao la ideali fazi mbili likiwa ndani ya ideali tasa, mojawapo imo ndani yake. Fasili hiyo inabana mno, kwani ideali inayoitimiza hubaki na viwango viwili tu, na ngazi za Zadeh zinatoweka. Fasili pana zaidi inataka tu kila mkato usiofikia ringi nzima uwe tasa. Kwa hiyo, 0 ikipewa 1, shufwa nyingine 0.5 na witiri 0.1, fasili pana inaipokea ideali hiyo. Ile ya kwanza inaikataa.

Mordeson na Malik waliyakusanya matokeo ya tawi hili katika kitabu kimoja mwaka 1998.