Kalulu, Mboloko na Fisi: Nani Mbaya katika Hadithi?

Kila hadithi ya watoto ina shujaa wake na adui wake. Mtoto akiketi mbele ya televisheni, au akiinamia simu ya kaka yake, jambo la kwanza analotaka kujua ni hili: nani mwema, na nani mbaya? Akiisha kujua, moyo wake unatulia. Atamshangilia mmoja na kumzomea mwingine mpaka mwisho. Wazazi wengi hudhani huo ni mchezo tu. Sisi hatudhani hivyo. Maana jinsi mtoto anavyofundishwa kumtambua mbaya wa hadithi, ndivyo atakavyomtafuta mbaya kesho katika mtaa wake. Basi, ndugu wasomaji, inafaa tuitazame historia ya sinema za picha za kuchorwa, ambazo wengi huziita katuni. Mashujaa wake na wabaya wake walitoka wapi, nao wametufundisha nini sisi watu wa Likasi?

Mdogo mwenye akili

Kabla ya sinema kulikuwa na moto wa jioni na mzee wa kusimulia. Kwa Wasanga, kwa Waluba wa Katanga na kwa Wabemba, shujaa wa hadithi ni Kalulu, yaani sungura. Kwa Waluba wa Kasai ni Kabuluku, yule paa mdogo wa porini. Kwa wenye kusema Lingala, paa mdogo huyo anaitwa Mboloko. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania na Kenya ni Sungura. Majina ni mengi, tabia ni moja: hana nguvu, hana meno makali, ila ana akili. Anampa Tembo ncha moja ya kamba na Kiboko ncha nyingine, nao wanavutana kutwa nzima, kila mmoja akidhani anashindana na yule mdogo.

Hadithi hizo zilikutana hapa kwetu. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai na nchi nyingine, ikawaweka pamoja na wenyeji katika kambi zake. Mji wetu, ulioitwa Jadotville tangu 1931 mpaka ulipopata tena jina la Likasi mwaka 1966, ulijengwa na mikono ya watu hao wote. Watoto waliolelewa na Kalulu na watoto waliolelewa na Kabuluku walicheza katika uwanja mmoja na kusema Kiswahili kimoja.

Lakini tusidanganyike tukadhani kwamba Kalulu ni mtakatifu. Mababu hawakumpamba hivyo. Iko hadithi inayosimuliwa katika nchi nyingi za Afrika. Jua lilikuwa kali, mito ikakauka, wanyama wote wakakubaliana kuchimba kisima. Kalulu akakataa kufanya kazi. Kisima kilipojaa, akaja usiku kuiba maji na kuyachafua. Wakubwa wakalinda mmoja mmoja, naye akawadanganya wote. Mwisho Kobe, yule mzito wa mwendo, akajipaka ulimbo mgongoni, akajificha ndani ya maji, na Kalulu akanasa miguu yote minne.

Katika hadithi hiyo, nani shujaa, nani mbaya? Yule tuliyemshangilia jana leo ni mwizi, na yule tuliyemcheka leo ndiye mwokozi wa kijiji. Mababu hawakumtia mnyama yeyote alama ya ubaya katika ngozi yake. Walitazama alichotenda siku ile. Hilo ndilo fundisho la kwanza, nalo tulishike vizuri.

Kalulu avuka bahari

Watu wetu waliponunuliwa na kuuzwa hadi Amerika, walinyang'anywa vyote, lakini hadithi zao hazikuweza kunyang'anywa. Sungura akavuka bahari pamoja nao. Huko Marekani aliitwa Brer Rabbit, na mwandishi mmoja, Joel Chandler Harris, alizikusanya hadithi zake katika kitabu kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1880. Hadithi ya kunaswa imo, ila ulimbo umegeuka kuwa sanamu ya lami. Mwaka 1946 kampuni ya Walt Disney ikaziweka hadithi hizo katika sinema yake Song of the South, sehemu moja ikiigizwa na watu, sehemu nyingine ikichorwa. Chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani kililalamika mwaka huo huo kwamba sinema ile iliyafanya maisha ya weusi chini ya mabwana wao yaonekane matamu. Nacho kilikuwa na haki. Tazameni ajabu: hadithi ya watumwa ikawachekesha wengi, na taabu ya watumwa wenyewe ikafichwa.

Sinema za misioni

Eklezia haikukaa kimya mbele ya sinema. Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pio XI alitoa barua yake Vigilanti Cura, akionya juu ya sinema mbaya na kuomba zipatikane zilizo njema. Mwaka 1957 Pio XII akaandika Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni. Katika Kongo ya Wabelgiji mapadri hawakungoja. Baada ya vita kuu ya pili walianza kutengeneza sinema wenyewe: Leopoldville, Luluabourg na Bukavu. Huko Kasai Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Huko Leopoldville Padri Alexandre Van den Heuvel, wa shirika la Scheut, alifanya jambo jipya. Katika miaka ya 1950 alitoa sinema za kuchorwa zilizoitwa Les Palabres de Mboloko.

Kwa nini Mboloko? Padri yule angeweza kuleta mwana wa mfalme wa Ulaya mwenye upanga na farasi. Akamchagua yule paa mdogo ambaye kila mtoto wa nchi ile alimjua kwa jina. Alifahamu kwamba mtu hujifunza upesi kwa hadithi ya kwao. Tuseme ukweli pia: sinema za misioni za nyakati zile mara nyingi ziliwasemesha Wakongomani kama watoto, hata wazee wenye mvi, nazo hazikuwauliza lolote juu ya utawala wa kikoloni. Hata hivyo Mboloko alikuwa na heshima yake. Alikuwa mdogo, alikuwa wa hapa, na alishinda.

Baadaye Wakongomani wenyewe walishika kazi hiyo. Mwaka 1991 Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Kasai, alitoa sinema ya kuchorwa juu ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, akiitoa katika hadithi ya Watetela. Kwa hiyo mto wa mababu haujakauka.

Wabaya wenye alama

Lakini sinema zilizojaa nyumbani mwetu leo zinatoka mbali. Mwaka 1937 Disney alitoa Snow White, sinema yake ya kwanza ndefu ya kuchorwa. Ndani yake yumo malkia mwenye wivu. Alipokuwa malkia alikuwa mzuri wa sura, lakini alipotaka kumpa binti sumu alijigeuza bibi kizee aliyepinda mgongo. Mtoto hukumbuka nini? Hakumbuki wivu wa malkia. Anamkumbuka bibi kizee. Nasi twajua jinsi katika miji yetu bibi mzee mwenye macho mekundu anavyoitwa mchawi, na jinsi hata watoto wadogo wanavyosingiziwa uchawi na kufukuzwa, ingawa katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi.

Mwaka 1994 ikatoka The Lion King. Sinema hii inasema na sisi kwa maneno yetu: shujaa ni Simba, mshauri ni Rafiki. Ina mafundisho mema, wala hatukatai. Mbaya mkubwa, Scar, ni ndugu wa mfalme mwenyewe. Anamwua ndugu yake kwa ajili ya kiti, kama Kaini. Na kijana Simba anakimbia wajibu wake, kisha anatubu na kurudi. Mkristu anaweza kufurahi kuona hayo.

Bali watazameni fisi. Wanakaa katika nchi ya giza, nje ya mipaka ya mfalme. Wana njaa daima. Hayumo hata mmoja mwema kati yao, wala hakuna anayeuliza kwa nini wana njaa. Na kiongozi wao anaitwa nani? Shenzi. Neno hilo tunalijua. Wakati wa misafara, watu wa pwani waliitumia sifa hiyo ya washenzi kwa watu wote wa bara, yaani kwa mababu zetu. Misafara hiyo ilifika hata Bunkeya kwa mfalme Msiri, kutafuta pembe na watumwa. Jina lililotupwa usoni pa babu zetu sasa limevikwa mnyama mbaya, na wajukuu wanalicheka.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Katika hadithi ya kisima, ubaya ni tendo: Kalulu aliiba, akanaswa, na kesho anaweza kutenda mema. Kwa wale fisi, ubaya ni kabila. Umezaliwa fisi, basi umekwisha hukumiwa.

Stesheni ya Likasi

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya wanyama wa kuchorwa, yatudhuru nini? Tumjibu kwa historia ya mji wetu. Mwezi wa nane mwaka 1992, baada ya Mkutano Mkuu wa Taifa kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, hasira ya wanasiasa wa Katanga iliwageukia majirani waliotoka Kasai. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, watoto na wajukuu wa wale walioletwa na Union Minière. Hapo likaenea neno moja: bilulu, yaani wadudu. Hakuna aliyeuliza tena mtu huyu ametenda nini. Jina lake na lugha ya mama yake vilitosha.

Wazee wa Likasi wanakumbuka yaliyofuata. Nyumba zilichomwa na kuporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikaa kwenye stesheni ya treni, wakilala nje na vyombo vyao, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa kwa magonjwa, hapo stesheni au njiani, na watoto hasa. Mwaka 1993 moto huo uliendelea Kolwezi. Na mwaka 1994, mwaka ule ule wa sinema ya simba na fisi, watu wa Rwanda waliitwa inyenzi, yaani mende, kisha wakauawa kwa mamia ya maelfu.

Hatusemi kwamba katuni ilileta maovu hayo. Uongo wa namna hiyo haufai. Watu waliyafanya, nao watayajibu mbele ya Mungu. Tunasema hivi: aliyewaita jirani zake wadudu alikuwa akisimulia hadithi, yenye kundi la wema wote na kundi la wabaya wote. Na waliomsikiliza waliipokea, kwa sababu ni hadithi nyepesi kuliko zote. Haimdai mtu kujichunguza moyo. Walisahau kwamba Kalulu na Kabuluku ni ndugu, na kwamba wote wawili walinaswa walipoiba.

Tufanye nini?

Bwana wetu Yesu Kristu alikuwa msimulizi kuliko wote, naye alizivunja hadithi za namna hiyo. Wasikilizaji wake waliposikia habari za Msamaria njiani, walimtazamia awe mbaya. Bwana akamfanya yeye ndiye mwenye huruma, na wakubwa wa dini ndio waliopita kando. Sauli aliyewatesa wakristu akawa Mtume Paulo. Petro, mkubwa wa Mitume, alimkana Bwana wake. Katika Injili, mlango wa toba hufungwa kwa nani? Hata mnyang'anyi msalabani aliupita.

Basi, wazazi na makatekista, tusizime televisheni kwa hasira tu, maana mtoto ataitazama kwa jirani. Tuketi naye. Sinema ikiisha, tumwulize: huyu mbaya alitenda nini hasa? Wale waliomfuata, walimfuata kwa nini? Je, angeweza kurudi? Na wewe, je, hukumfanana siku ile ulipomdanganya mdogo wako? Kisha tumsimulie kisima na ulimbo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya bibi yake. Kama bibi mmoja ni wa Kasai na mwingine ni wa Katanga, heri mtoto huyo, maana atapata Kabuluku na Kalulu katika nyumba moja.

Mtoto aliyejifunza kwamba ubaya ni tendo, atajilinda asiutende. Mtoto aliyejifunza kwamba ubaya ni ngozi, au jina, au kabila, atasimama siku moja kwenye stesheni na kuwatazama jirani zake wakipanda behewa, naye hataona kosa lolote. Mungu atuepushe, nasi tufanye kazi yetu.