Batobato ya muhogo: DNA ya virusi na uchunguzi wa leza

Batobato ni ugonjwa wa muhogo unaoletwa na virusi vya jenasi Begomovirus. Huenezwa na inzi weupe na pingili zilizoambukizwa. Majani hupata mabaka ya njano na kujikunja. Maelezo ya kwanza yaliandikwa na Warburg mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Muundo wa DNA

Chembe za virusi hivi ni pacha, zimeungana mbili mbili. DNA yake ni ya uzi mmoja uliofunga duara, na imegawanyika sehemu mbili: DNA-A yenye jeni za kujizalisha na za ganda, na DNA-B inayowezesha virusi kusambaa ndani ya mmea. Kila sehemu ina takriban nukleotidi 2,700 hadi 2,800. Mwaka 1983 Bock na Woods walithibitisha nchini Kenya kuwa virusi hivi ndivyo chanzo cha ugonjwa. Mwaka huohuo Stanley na Gay walichapisha mfuatano kamili wa DNA ya virusi vilivyotoka Kenya, kabla mashine za leza za kusoma DNA hazijaingia sokoni.

Kazi ya leza

Ili kusoma DNA, maabara hutengeneza nakala za vipande vya DNA na kuzitia rangi nne, moja kwa kila besi: A, C, G na T. Vipande husukumwa kwa umeme ndani ya mrija mwembamba, vifupi vikitangulia. Vinapopita mbele ya leza, rangi hung'aa. Mwanga huchambuliwa kwa urefu wa wimbi, na kompyuta huorodhesha besi.

Usomaji wa mifuatano umezaa matunda makubwa. Mwaka 1997 aina kali iliyoangamiza mihogo Uganda ilibainika kuwa mchanganyiko wa virusi viwili. Mwaka 2005 Joseph Ndunguru na wenzake walionyesha kuwa Afrika Mashariki ni kitovu cha uanuwai wa virusi hivi.

Spektroskopia ya Raman

Mbinu hii nyingine ya leza hupima mtetemo wa molekuli, hivyo huonyesha umbo la DNA. Imetumika zaidi kwa virusi vya bakteria, kama P22.





Hali ya sasa

Vifaa vya mkononi vinavyosoma DNA kwa mkondo wa umeme, bila leza, vimejaribiwa mashambani Tanzania, Kenya na Uganda.