Sheria ilitangulia, mawakili wakafuata

Mwaka 1973 ulikuwa mwaka wa makaratasi huko Masisi, Kivu Kaskazini. Tarehe 20 Julai serikali ya Mobutu ilitoa sheria iliyoifanya ardhi yote ya Zaire, Kongo ya leo, kuwa mali ya dola. Novemba ukaja uzairishaji, na mashamba makubwa ya wageni yakagawiwa watu wenye majina Kinshasa. Ardhi ya kimila iliahidiwa amri yake ya rais, amri ambayo kwa miongo kadhaa haikutoka. Mkulima aliyelima mlima wa babu yake aliweza kuamka na kuambiwa kuwa mtu mwingine ana hati. Nani angemsomea hati hiyo, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha ofisini?

Uhaba wa wanasheria ulikuwa wa nchi nzima. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na hakimu wala wakili mzalendo mwenye shahada ya sheria. Marcel Lihau, Mkongomani wa kwanza kupata udaktari wa sheria, alihitimu Louvain, Ubelgiji, mwaka 1963. Ili aingie chuo hicho, ilibidi kwanza Wajesuiti wamfundishe Kilatini na Kigiriki. Baadaye, mwaka 1968, aliongoza Mahakama Kuu ya kwanza ya nchi. Kipaji alikuwa nacho tangu awali, lakini bila wale waliomfundisha Kilatini, sidhani kama tungelijua jina lake.

Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), na masomo ya sheria yakakusanywa Kinshasa. Kutoka Goma hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara ya maana haikuwepo. Hapa nisiunyime utawala ule haki yake: serikali ilitoa bursa, na mtoto wa maskini aliyefika alipata kitanda na chakula. Ila kwanza afike. Kijana wa Walikale, jirani ya Masisi, alipaswa kupata diploma ya serikali katika shule ya msituni, apate tiketi, kisha ajifunze kuishi kwa Kilingala.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981. Makanisa ndiyo yaliyosogeza chuo karibu na milima yetu: mwaka 1985 Waprotestanti walianzisha chuo kikuu cha ULPGL mjini Goma, na mwaka 1989 Wakatoliki wakafungua vyuo vikuu Bukavu na Butembo. Baadaye Goma ikapata pia chuo kikuu cha serikali. Lakini miaka hiyohiyo uchumi wa Zaire ulikuwa unaporomoka, na bursa zikakauka. Wakati wa bursa, chuo kilikuwa mbali. Chuo kilipokaribia, mzazi akakabidhiwa ankara.

Ankara hiyo hulipwa na nini? Masisi ni ng'ombe, jibini, maharagwe, viazi. Walikale ni mawese na madini. Tangu kasiteriti, madini ya bati, igunduliwe huko Bisie, Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, chepe ndilo lililokuwa benki ya familia nyingi. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Aliyetegemea shimo kulipa chuo alikaa nyumbani miezi sita.

Na mwaka huohuo wa 2010 Walikale ilihitaji mawakili kuliko wakati wowote. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, waasi walibaka watu wasiopungua 387 katika vijiji vya barabara ya Kibua hadi Mpofi. Hukumu ya Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa waasi hao, kifungo cha maisha, ilitolewa na mahakama ya kijeshi mjini Goma tarehe 23 Novemba 2020, miaka kumi baadaye. Kesi kama hiyo inataka mtu anayejua sheria, na anayesikia Kinyanga mama anapoanza kusimulia.

Mtu huyo hapatikani upesi. Kwa mfumo wa zamani, lisansi ya sheria ilichukua miaka mitano. Baada yake kuna miaka miwili ya staji, yaani mafunzo ya kazi, kwa wakili mkongwe kabla ya kuandikwa kikamilifu katika baro, chama cha mawakili. Sheria ya mwaka 1979 iliacha pia mlango mdogo wa watetezi wa mahakamani, ambao husimama katika mahakama za chini lakini hawapandi hadi ya rufaa.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na benki zikafungwa. Machi wakafika Walikale-Centre. Mzazi mwenye fedha za muhula mkononi alikosa hata njia ya kuzituma mjini.

Wakili unayesoma haya, uwe Goma, Bukavu au Kinshasa: atakapobisha hodi ofisini kwako kijana wa Walikale akitafuta staji, mpe meza, na nauli ya kwenda mahakamani.